Mufalme wa Miezi Mitatu

Sisi wa Fungurume tunajua habari ya Msiri wa Bunkeya. Leo tuangalie mufalme wa nyuma ya uhuru, kule Burundi, inchi ile watu wanafikia kwa mashua toka Kalemie.

Jina lake la kuzaliwa ni Charles Ndizeye. Alizaliwa Gitega mwaka wa 1947. Baba yake, Mwambutsa wa Nne, alipata ufalme tangu 1915, akiwa angali mutoto mudogo. Kaka yake wa mama mwengine, Louis Rwagasore, njo aliongoza chama cha Uprona. Alishinda uchaguzi wa 1961, lakini aliuawa kwa risasi mwezi wa 10 mwaka ule. Uhuru ulifika tarehe 1 mwezi wa 7, 1962. Ndizeye yeye alikuwa anasoma kule Uswisi.

Mwezi wa 10, 1965, askari walijaribu kupindua ufalme. Walishindwa, lakini Mwambutsa aliogopa, akaenda kukaa Ulaya. Mwezi wa 3, 1966, alimupa Ndizeye uwezo wa kuangalia serikali. Baba alifikiri ametuma mutoto alinde nyumba. Kumbe, tarehe 8 mwezi wa 7, mutoto akatwaa utawala yeye mwenyewe! Alifukuza serikali, akasimamisha katiba. Lakini nguvu haikuwa yake, ilikuwa ya askari. Mukubwa mumoja wao, Kapiteni Michel Micombero, akafanywa waziri wa kwanza. Tarehe 1 mwezi wa 9, kule Muramvya, Ndizeye alivikwa ufalme, akaitwa Ntare wa Tano. Alikuwa na miaka 18 tu, sawa wengi wetu wa darasa la sita.

Hawakupatana siku nyingi, kwa sababu kila mumoja alitaka kutawala. Mwezi wa 11 Ntare alienda Kinshasa kwa sikukuu ya mwaka mumoja wa utawala wa Mobutu. Akiwa huko, tarehe 28, Micombero akatangaza kwamba ufalme umekwisha na yeye ni perezida. Ona vile mambo yalirudia: baba alipoteza kiti akiwa mbali, na mutoto vilevile.

Ntare aliishi Ujerumani. Mwezi wa 3, 1972, alifika Uganda kwa Idi Amin. Micombero aliandika ahadi kwamba hatapata mabaya akirudi. Alirudishwa tarehe 30, akakamatwa palepale, akafungwa Gitega. Tarehe 29 mwezi wa 4, siku ile uasi ulipoanza kusini, akauawa. Alikuwa na miaka 24. Nyuma yake watu elfu na elfu, zaidi Wahutu, waliuawa katika inchi ile.

Micombero naye alipinduliwa na askari mwaka wa 1976, akafa Mogadishu mwaka wa 1983, mbali na kwao.

Ndugu wanafunzi, mwenye kubebwa kwa mabega ya wengine hachague siku ya kushuka. Tukipewa ukubwa, hata wa darasa tu, tuulize kwanza: nani ananibeba, na juu ya nini?