Kifaransa Kilichomrusha Bessie Coleman

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba lugha ya kigeni ni pambo tu la msomi, kitu cha kujivunia barazani. Hao ningewaomba wautazame mwendo wa maisha ya Bessie Coleman, rubani wa maonyesho.

Bibi huyu alizaliwa Texas, Marekani, mwaka wa 1892, na utotoni alichuma pamba. Alipohamia Chicago alifanya kazi ya kutengeneza kucha za wateja kwa kinyozi. Huko ndiko ilikomwingia tamaa ya kuruka. Shule za urubani za nchi yake zikamfungia milango: alikuwa mwanamke, tena mweusi. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa. Basi mtengeneza kucha huyu akaanza kujifunza Kifaransa, na Novemba 1920 akapanda meli. Wengi wanaomsifu huipita sehemu hii mbiombio ili wafike angani. Kwangu mimi, ushujaa wenyewe ulianzia hapo. Alifunzwa katika shule ya ndugu wawili wa jina la Caudron, mjini Le Crotoy, na Juni 15, 1921 akapata leseni ya kimataifa. Hakuna mwanamke mweusi wa Marekani aliyewahi kuipata kabla yake.

Aliporejea kwao, riziki ilikuwa katika kupindua ndege hewani mbele ya umati. Mwaka wa 1923 alianguka California akavunjika mguu, akapona, akaruka tena. Nia yake ilikuwa kukusanya fedha za kufungua shule ya urubani kwa watu weusi. Hata hivyo, hakukubali kila fedha. Huko Waxahachie, Texas, alikataa kuruka mpaka weusi na weupe waruhusiwe kupitia lango moja. Waliruhusiwa, ingawa ndani walitenganishwa vilevile.

Aprili 30, 1926, mjini Jacksonville, ndege iliendeshwa na fundi wake, William Wills. Bessie hakufunga mkanda, kwani alitaka kuchungulia chini achague mahali pa kuruka kwa mwavuli kesho yake. Spana iliyosahauliwa ndani ikakwamisha mitambo ya kuongozea. Ndege ikapinduka, naye akarushwa nje. Wote wawili walikufa.

Shule hakuiona. Mnamo 1929 William Powell alianzisha Los Angeles klabu ya urubani, akaipa jina la Bessie Coleman.