Ellen Terry, mchezaji wa teatri aliyevaa toga mbele ya sheria kuwaruhusu wanawake

Ellen Terry, mmoja wa wachezaji wa teatri waliojulikana sana Uingereza wakati wa Malkia Victoria, alizaliwa Coventry mwaka wa 1847. Wazazi wake pia walikuwa wachezaji. Mwaka wa 1856, akiwa na miaka 9, alianza kucheza London, katika nafasi ya mtoto mwanaume.

Mwaka wa 1864 aliolewa na mchoraji George Frederic Watts, aliyemzidi miaka 30 hivi. Walitengana mbele ya mwaka mmoja kuisha. Kisha aliishi na Edward Godwin, mchoraji wa majengo, bila ndoa, na wakazaa watoto wawili. Kwa watu wa wakati ule, hiyo ilikuwa haya kubwa.

Mwanamke wa heshima alipaswa kuvaa korse, nguo ngumu ya ndani iliyokazwa kwa kamba hata kupumua kukawa shida. Terry alipendelea nguo pana zisizobana mwili, na aliendelea nazo hata jukwaani.

Mwaka wa 1875 alicheza Portia katika Mabepari wa Venisi ya Shakespeare. Portia anajigeuza mwanaume, anavaa toga ya mtu wa sheria, na anaokoa maisha ya mtu mbele ya tribinali. Watazamaji walimpigia makofi, lakini wanawake wa Uingereza walingoja sheria ya 1919 kusudi waruhusiwe kuwa maavoka.

Mwaka wa 1888, ku Lyceum, alicheza bibi ya Macbeth. Alice Comyns Carr alimbunia nguo ya kijani iliyofanana na vazi la chuma la askari, ikishonewa mabawa ya wadudu karibu 1.000. Watu walizoea kumuona mwanamke huyo kama shetani. Terry alimuonyesha kama bibi anayependa bwana yake. Wengine walikataa, lakini teatri ilijaa.

Binti yake Edith Craig, mshonaji wa mavazi ya teatri, alijiunga na wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Tarehe 2 Julai 1928, sheria iliwapa wanawake haki hiyo sawa na wanaume. Terry alikufa siku 19 kisha, kwake Smallhythe. Nguo ya kijani ingali inatunzwa katika nyumba hiyo.