Karamojo Bell: Mwindaji wa tembo aliyepunguza uzito wa bunduki

ABIRIA anayepanda daladala Buguruni na kushika Barabara ya Uhuru kuelekea mjini, huteremka mahali penye jina la wabeba mizigo. Kariakoo ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliopiga kambi katika eneo hilo baada ya Dar es Salaam kutwaliwa kutoka kwa Wajerumani Septemba 4, 1916.

Katika vita hivyo hivyo, wapagazi wakitembea chini na mizigo vichwani, mmoja wa marubani wa Uingereza waliopeleleza nyendo za Wajerumani kutoka angani alikuwa mtu ambaye tayari jina lake lilikuwa limevuma kutoka Mombasa hadi mpaka wa Ethiopia. Huyo alikuwa Walter Dalrymple Maitland Bell, maarufu kwa jina la Karamojo Bell.

Umaarufu wake haukutokana na ndege, bali na bunduki. Zama ambazo wawindaji wengi wa Ulaya waliamini kwamba tembo hauawi ila kwa bunduki nzito yenye mdomo mpana, Bell alibeba bunduki nyembamba na nyepesi, akaua tembo 1,011. Maisha yake ni kisa cha mtu aliyejua thamani ya kila gramu iliyokuwa begani mwake. Ni kisa pia cha mizigo ambayo haikupungua, kwa kuwa ilikuwa mabegani mwa wengine.

Yatima mtoro

Bell alizaliwa Septemba 8, 1880, karibu na mji wa Edinburgh, Scotland, katika familia ya watu wenye mali na watoto wengi. Mama yake alifariki dunia Bell akiwa na umri wa miaka miwili, na baba yake akafuata mtoto huyo alipokuwa na miaka sita. Kaka zake ndio waliomlea, na kazi hiyo haikuwa rahisi. Alitoroka shule moja baada ya nyingine, na akiwa na umri wa miaka 13 alikwenda baharini kufanya kazi melini.

Mwaka 1896, akiwa kijana wa miaka 16, alishuka Mombasa. Ujenzi wa reli ya Uganda ulikuwa umeanza, na simba walikuwa tishio kwa watu na wanyama wa mizigo. Bell alipata kazi ya kuwalinda dhidi ya simba hao kwa bunduki iliyotoka kwa fundi Daniel Fraser wa Edinburgh. Bunduki hiyo ilipakiwa risasi moja tu kwa wakati, na katika joto la nyika ganda la risasi iliyokwisha kupigwa lilikwama ndani na kugoma kutoka. Mwindaji aliyekwisha kufyatua risasi yake pekee, na simba yuko mbele yake, hakuhitaji somo jingine kuhusu umuhimu wa silaha ya kutegemewa.

Kutoka hapo alikwenda Klondike, Canada, wakati wa mbio za dhahabu, akawinda nyama ya kuwauzia wachimbaji wa mji wa Dawson. Mwenzake katika biashara alimdhulumu fedha zao, akabaki mikono mitupu. Ili apate njia ya kurudi Afrika alijiunga na askari wapanda farasi wa Canada waliokwenda kupigana Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Alitekwa, akatoroka, na mwaka 1902 akawa amerudi Mombasa akiwa na shabaha moja tu: pembe za ndovu.

Nchi ya Karamoja

Wakati huo njia ya wafanyabiashara wa pembe kuelekea kaskazini ilianzia Mumias, magharibi mwa Kenya ya leo. Misafara ya Waswahili ilikuwa imekwisha kuizoea nchi ya Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kabla Bell hajafika. Miongoni mwa vinara wake alikuwa Shundi, mzaliwa wa Kavirondo ambaye utotoni alitekwa na kuuzwa utumwani pwani, akasilimu, akapata uhuru wake, kisha akapanda hadi kuwa mkubwa wa wafanyabiashara wote wa upande huo. Bell mwenyewe alimwandika katika kitabu chake kama mtu wa ajabu.

Wenyeji wa Karamoja nao hawakuwa watazamaji. Pyjale, kijana wa Bukora, ndiye aliyekuwa msoma nyayo wake mkuu. Aliweza kufuata mguu wa tembo mmoja katika ardhi kavu iliyokanyagwa na mamia, na ndiye aliyemfikisha Bell mahali ambapo bunduki ingeweza kufanya kazi yake. Bila ya macho ya Pyjale na wenzake, bunduki hiyo isingekuwa na la kufanya.

Bell aliwinda Karamoja kwa miaka mitano hivi, na jina la nchi hiyo likamganda hadi kaburini.

Hesabu ya miguu

Ili kuelewa ni kwa nini alitaka bunduki nyepesi, ni lazima kuanza na miguu yake. Katika mwaka mmoja Bell alimaliza jozi 24 za viatu. Kwa hesabu yake mwenyewe, kila tembo dume aliyemwangusha alimgharimu mwendo wa wastani wa maili 73, sawa na kilomita 117. Huo ni mwendo unaozidi umbali wa kutoka Buguruni hadi Chalinze, kwa miguu, juani, kwa ajili ya mnyama mmoja.

Bunduki kubwa za tembo za wakati huo, zenye mitutu miwili, zilikuwa na uzito wa kilo sita au saba. Mwindaji aliyetumia silaha ya namna hiyo kwa kawaida hakuibeba mwenyewe. Alimpa mtumishi aliyemfuata nyuma, akaipokea pale tu mnyama alipoonekana. Bell aliona hatari katika desturi hiyo. Mtumishi angeweza kukimbia, au kuchelewa, na mwindaji akajikuta ana kwa ana na tembo akiwa mikono mitupu. Aidha, mtu aliyepokea chuma cha kilo saba baada ya kutwa ya mwendo mikono yake ilitetemeka.

Kwa hiyo alibeba bunduki yake mwenyewe kutwa nzima, akailenga mara kwa mara njiani bila kufyatua, hadi ikawa kama kiungo cha mwili wake. Hilo liliwezekana kwa sababu bunduki ilikuwa nyepesi.

Aliyoitumia zaidi ilikuwa ya kampuni ya Rigby ya London, iliyojengwa juu ya mtambo wa Mauser wa Ujerumani, yenye risasi ya kipenyo cha milimita 7. Takriban tembo 800 kati ya wote aliowaua waliangushwa kwa risasi za aina hiyo. Nyepesi kuliko zote ilikuwa Mannlicher ya milimita 6.5 iliyopita mikononi mwa Fraser, yule yule fundi wa Edinburgh. Uzito wake haukufika kilo mbili na nusu.

Ufundi wa mtutu

Kupunguza uzito wa bunduki ni kazi yenye mitego, na sehemu kubwa ya uzito huo imo katika mtutu. Fundi hufunga mtutu kwenye kerezo, mashine ile ile inayonguruma katika karakana za vyuma za Gerezani, na kuula kwa nje kidogo kidogo hadi uwe mwembamba kuelekea mdomoni. Tundu la ndani haliguswi. Pale nyuma, risasi inapolipukia, chuma lazima kibaki kinene kwa kuwa ndipo shinikizo la baruti huwa kubwa kuliko kote.

Lakini kila gramu inayotolewa ina malipo yake. Mtutu mwembamba hupata moto upesi, na ukipata moto risasi zinaweza kuanza kupotoka. Hutikisika zaidi wakati wa mlipuko. Tena bunduki nyepesi humrudi mpigaji kwa nguvu zaidi begani, kwa sababu hakuna uzito wa kutosha wa kulimeza teke lake. Ndiyo maana bunduki za risasi kubwa hutengenezwa nzito: zikifanywa nyepesi hazipigiki.

Bell aliutatua mtego huo kwa kuchagua risasi ndogo. Risasi ndogo hutumia baruti kidogo, teke lake ni dogo, na kwa hiyo bunduki yake inaweza kupunguzwa uzito bila kumuumiza mwenyewe. Risasi alizotumia zilikuwa ndefu, zenye kichwa cha mviringo, na zilivikwa chuma kigumu ili zisipasuke ndani ya mfupa.

Swali lililobaki lilikuwa ni wapi pa kupiga. Fuvu la tembo lina mfupa mkubwa wenye vishimo mithili ya sega la nyuki, na ubongo umejificha chini nyuma, mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Bell alichukua msumeno, akapasua mafuvu katikati, akasoma mahali ubongo ulipo kwa kila upande ambao mnyama angeweza kusimama. Baada ya hapo hakuhitaji kishindo. Tembo alianguka papo hapo, na mara nyingi mlio mdogo wa bunduki haukuwatawanya wenzake. Siku moja aliua tembo tisa.

Hata hivyo, wepesi peke yake haukumtosha. Risasi alizopata za ile Mannlicher zilikuwa mbovu; nyingine zilichelewa kulipuka, nyingine zilipasuka maganda. Bell aliiweka kando bunduki nyepesi kuliko zote alizonazo, akarudi kwenye Mauser iliyokuwa nzito kidogo lakini haikumwangusha. Somo la ujana wake katika reli ya Uganda hakulisahau.

Mzigo uliobaki

Tembo akianguka, kazi nyingine ilianza. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa zama hizo ulikuwa wa kilo 27 hivi, na pembe moja ya dume mkubwa iliweza kuzidi hapo. Pembe hizo zilitolewa Karamoja kwa punda na kwa mabega ya watu, wiki baada ya wiki, kuelekea kwenye reli na hatimaye bandari ya Mombasa. Uzito ambao fundi wa Edinburgh aliukereza kwa gramu, wapagazi waliuona tena kwa tani. Majina yao hayamo katika orodha za wawindaji mashuhuri.

Bell aliendelea mbele. Aliwinda Ethiopia, kisha Lado, eneo la kando ya Mto Nile lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji na ambalo lilirudishwa Sudan mwaka 1910. Alifika pia Liberia na Kongo ya Wafaransa. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alirejea Uingereza, akajifunza urubani na kutumwa Tanganyika. Inasimuliwa kwamba nyakati nyingine aliruka peke yake bila mtazamaji, ili apate nafasi ya kupiga bunduki kutoka angani. Alitunukiwa Nishani ya Msalaba wa Kijeshi.

Vita hiyo ndiyo iliyomuua mwindaji mwenzake mashuhuri, Frederick Selous, aliyepigwa risasi Beho Beho Januari 4, 1917. Jina la Selous lilipewa pori la akiba kubwa, ambalo sehemu yake mwaka 2019 ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Bell aliishi miaka mingi zaidi. Alioa, akaandika vitabu viwili, kimoja mwaka 1923 na kingine mwaka 1949, akastaafu katika milima ya Scotland ambako aliwinda kulungu kwa bunduki yenye risasi ndogo kuliko zote za nyuma. Alifariki dunia Juni 30, 1954. Kitabu cha tatu kilichapishwa mwaka 1960 kutokana na maandishi aliyoyaacha.

Njia yake ya uwindaji haikubaliki tena kisheria. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji wa kitalii, Tanzania ikiwamo, zimeweka kipenyo cha chini cha risasi kwa wanyama hatari, ambacho ni .375 ya inchi, kikubwa kuliko milimita 7 za Bell. Sababu ni kwamba wawindaji wengi walioiga wepesi wa bunduki yake hawakuwa na shabaha yake wala elimu yake ya mafuvu, na mnyama aliyejeruhiwa hukimbia na kufa kwa mateso, au humgeukia binadamu.

La pili ni zito zaidi. Bell aliishi wakati tembo walionekana hawana mwisho. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989, lakini hata baada ya hapo idadi ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, kwa sababu ya ujangili. Ni miaka mitano tu, kama ile ambayo Bell aliitumia Karamoja.

Bunduki za mwindaji huyo zimekuwa vitu vya kumbukumbu. Moja ya zile za Rigby ilinunuliwa baada ya kifo chake na mwandishi wa Marekani, Robert Ruark. Zinasifiwa kwa wembamba wa mitutu yake na kwa jinsi zinavyokaa mkononi. Sifa hiyo ni ya haki kwa fundi na kwa mpigaji. Ila mizani iliyopima gramu za mtutu ilikuwa na upande wa pili, na huko zilipangwa pembe za tembo 1,011 na mabega ya watu waliozibeba.