Mkimpeleka Siti kwenye filamu, chungu chake kisiachwe nyuma

Juzi nilimtembelea mpwa wangu Makina, Kibera. Yeye na wenzake wana onyesho la jukwaani: nyimbo za Siti binti Saad zinafuatana, na kati yake maigizo mafupi. Sasa wanataka kuligeuza liwe filamu. Uwezo upo, filamu ya Togetherness Supreme ya mwaka 2010 ilipigwa humo humo Kibera. Kilichonitia wasiwasi ni mwanzo waliouchagua: Siti yuko mbele ya Sultani, dhahabu shingoni.

Nikawashauri waanzie Fumba.

Huko Unguja ndiko alikozaliwa karibu na mwaka 1880, katika ukoo uliotoka utumwani. Jina alilopewa ni Mtumwa. Kwao walikuwa mafukara, wakifinyanga vyungu, naye akavitembeza akivinadi kwa sauti ambayo watu waliijua kabla hajafika mlangoni. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafunzwa uimbaji na ala. Jina la Siti, yaani bibi wa heshima, alilipata baadaye.

Taarabu zama hizo ilikuwa ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa wanyonge, pamoja na kina Mwalimu Shaaban, Subeti, Buda na Mbaruk. Wenye husuda walimcheka kwa asili yake na kwa kaniki aliyoingia nayo mjini. Lakini matajiri walimwita, na kasri nayo ikamwita. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ikawapeleka Bombay kurekodi, na kufikia 1931 sahani zake za santuri zilizouzwa zilipita 70,000.

Hayo yote ni matamu kwa kamera. Lakini roho ya Siti iko kwenye wimbo wa Kijiti, ambao vijana walitaka kuuruka kwa kuwa ni mzito. Wimbo huo unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji akavuka bara, akaponyoka. Wanawake wawili waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Siti alikiimba kisa hicho mtaani, watu wakajua mahakama imefanya nini. Wengi hawakujua kusoma; nyimbo zake ndizo zilizokuwa gazeti lao.

Ukiuondoa Kijiti, unabaki na mwanamke mwenye sauti nzuri na mapambo. Waimbaji wa namna hiyo wamejaa tele. Aliyekuwa mmoja tu ni yule aliyeingia kasrini bila kuacha kuwasemea watu wa Ng'ambo.

Marehemu Shaaban Robert alilitambua hilo. Alimwendea Siti uzeeni, akamsikiliza, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, Mwenyezi Mungu amrehemu, na kitabu kile kimebaki ndio mlango wa kila anayetaka kumjua.

Mpwa wangu aliniuliza kama watazamaji wataustahimili wimbo wa msiba. Nikamwonyesha kwa mkono mabati yaliyotuzunguka. Hapa Kibera kila mtaa una mtu aliyekwenda kushitaki akarudi yeye ndiye mshitakiwa. Kijiti hawatahitaji kufasiriwa.

Alinyamaza kidogo, kisha akachukua kalamu, akaandika Fumba juu ya ukurasa wa kwanza.