Raman na Mwanga Unaopotea

Wanafunzi wa fizikia hulikariri jina la Raman kana kwamba ni istilahi tu, wala si jina la mtu. Sisi wanaisimu tuna mazoea ya kuuliza jina limetoka wapi, na hili lina kisa.

Chandrasekhara Venkata Raman, mwana wa mwalimu, alizaliwa mwaka wa 1888 huko Tiruchirappalli, kusini mwa India. Mnamo 1907 aliingia idara ya fedha ya serikali ya kikoloni. Mchana alishughulikia hesabu za serikali. Kabla na baada ya kazi alijifungia katika maabara ya chama kimoja cha sayansi mjini Calcutta. Mwaka wa 1917 aliuacha wadhifa ule mnono akapokea uprofesa wenye mshahara mdogo zaidi.

Akirejea kwa meli kutoka Uingereza mwaka wa 1921, aliitazama buluu ya bahari ya Mediterania. Lord Rayleigh alikuwa ameieleza kuwa ni taswira ya anga tu. Raman hakuridhika. Kwa prizimu ndogo aliuzima mng'ao wa anga juu ya maji, na buluu ikabaki pale pale: maji yenyewe huutawanya mwanga. Nalitaja hili kwa ajili ya wanafunzi wanaoulizwa kila mara somo lao litawalipa nini.

Tarehe 28 Februari 1928, yeye na msaidizi wake K. S. Krishnan walibaini kuwa chembe chache mno za mwanga, takriban moja katika milioni kumi, zikigonga molekuli hutoka na rangi nyingine, kwa kuwa nishati yake imepungua au kuongezeka. Raman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1930, peke yake. Krishnan hayumo katika tuzo wala katika istilahi, na kwangu hiyo ni dhuluma.

Raman alifariki mwaka wa 1970, miaka kumi baada ya leza kuvumbuliwa. Huko Livermore, California, wanasayansi huelekeza leza ndani ya mkebe mdogo wa metali wenye kidonge cha haidrojeni, ili kidonge kigandamizwe hadi viini vya atomu viungane kama vifanyavyo ndani ya jua. Lakini joto hilo huzaa plazima, yaani gesi ambayo elektroni zake zimebanduka kutoka kwa viini. Humo mwanga mkali hujigawa: sehemu hurudi ulikotoka ukiwa na rangi nyingine, sehemu huzusha mawimbi ya elektroni. Huo ndio mtawanyiko wa Raman uliochochewa, japo hapa hapana molekuli. Nishati inayorudi imepotea. Vibaya zaidi, mawimbi hayo hufyatua elektroni za kasi zinazoipasha fueli joto kabla ya wakati, nayo fueli ya moto haigandamiziki kwa urahisi.

Mtambo wa Shiva, uliokamilika mwaka wa 1977, ulitumia mwanga wa infraredi ukaathirika vibaya. Nova, wa mwaka wa 1984, uliupitisha mwanga katika fuwele ukawa urujuanimno, kwani mawimbi mafupi hufyonzwa vyema zaidi. NIF, wenye miale 192, ulifuata njia iyo hiyo. Tarehe 5 Desemba 2022 megajuli 2.05 za leza zilizaa megajuli 3.15, ingawa kuiwasha leza kulihitaji umeme wa takriban megajuli 300.