Hassan Fathy: Mzee wa Misri aliyepoza nyumba bila stima

Saa nane mchana, uko ndani ya nyumba ya bati mtaani. Umefungua dirisha, umevua shati, na bado jasho linakutiririka. Kule mjini nako, jumba la vioo linanguruma viyoyozi kutwa nzima, yakila stima. Sasa tulia nikupe stori ya mzee mmoja ambaye hangekubali hata moja kati ya hizo mbili.

Hassan Fathy alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1900, katika familia yenye uwezo. Alisomea usanifu wa majengo Cairo, akamaliza 1926. Angeweza kuchorea matajiri majumba maisha yake yote. Lakini alipoona wakulima wanavyoishi, swali moja likamkaa rohoni: mbona maskini asubiri simenti na chuma asivyoweza kununua, na udongo uko chini ya miguu yake?

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, mbao na chuma vikaadimika. Fathy akajaribu kuezeka kwa matofali ya udongo bila mbao za kushikilia. Paa likaporomoka. Ndipo ndugu yake akamwelekeza kwa Wanubi wa Aswan. Mwaka 1941 akakuta huko mafundi wasio na cheti chochote wakijenga paa za mviringo kwa mikono tu, kila safu ya matofali ikiegemea iliyotangulia, kuanzia ukuta wa nyuma. Msomi wa chuo akawa mwanafunzi wa fundi wa kijijini. Mimi hapo ndipo aliponibamba.

Siri yake si uchawi. Ukuta mnene wa udongo unachelewa kupitisha joto la mchana. Ua wa katikati unahifadhi ubaridi wa usiku. Juu ya paa kuna mnara wa kunasa upepo, unaouteremsha hadi chumbani. Ukienda Lamu utaona akili inayofanana na hiyo: kuta nene za mawe, ua ndani, vichochoro vyembamba vyenye kivuli. Mwaka 1964, Cairo walilinganisha chumba cha udongo na cha zege. Cha udongo kilibadilika nyuzi 2 hivi tu siku nzima. Cha zege kikawa moto kuliko hata nje.

Lakini usidhani alishinda kila kitu. Kuanzia 1945 alipewa kazi ya kujenga kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, cha familia kama 900 zilizokuwa zikiishi juu ya makaburi ya kale. Nyumba zilikuwa za kupendeza, ila wengi walikataa kuhamia. Riziki yao ilitoka kwenye yale makaburi, na uamuzi wa kuwahamisha ulikuwa wa serikali, si wao. Kijiji hakikukamilika.

Heshima ilikuja uzeeni: mwaka 1980 alipata tuzo ya Right Livelihood na ile ya Aga Khan. Alifariki Cairo mwaka 1989.

Kwa hivyo siku utakapojenga, hata kama ni chumba kimoja tu ushago, kabla ya kuuliza bei ya bati, uliza upepo unatoka wapi na jua la jioni linapiga ukuta gani. Na kama unamjengea mtu mwingine, muulize yeye kwanza anaishije. Hilo la pili Fathy alilipia bei ghali.