Gibbs na Tone la Dhahabu

Josiah Willard Gibbs alizaliwa New Haven, Marekani, tarehe 11 Februari 1839, katika nyumba ya mwanaisimu. Baba yake, ambaye jina lao lilikuwa moja, ndiye aliyejifunza kuhesabu moja hadi kumi kwa Kimende, lugha ya mateka Waafrika wa merikebu Amistad, kisha akazunguka bandarini akizitamka namba hizo hadi akampata baharia aliyezielewa. Hivyo mateka wakapata mkalimani. Mwana alielekea kwenye hesabu za aina nyingine.

Yale ilimtunuku shahada ya uzamifu ya uhandisi mwaka wa 1863. Baada ya kusoma Paris, Berlin na Heidelberg, aliteuliwa mwaka wa 1871 kuwa profesa wa fizikia ya kihisabati chuoni humo, bila mshahara! Alijikimu kwa urithi, hakuoa, na aliishi na dada yake katika nyumba ya wazazi. Mshahara haukuja hadi 1880, chuo kingine kilipotaka kumchukua.

Katika miaka hiyo ya kufundisha bure ndipo alipoandika tasnifu yake kuu kuhusu msawazo wa mata. Ilitoka kwa sehemu kati ya 1875 na 1878 katika jarida la Akademia ya Connecticut, ambalo wasomaji wake walikuwa wachache. Ilikuwa na kurasa takriban 300 na milinganyo ipatayo 700. Wanachama wengi hawakuielewa, lakini fedha za kuichapa zilichangwa. Maxwell wa Uingereza alitambua thamani yake mapema, ila alifariki mwaka wa 1879. Tafsiri ya Kijerumani ilingoja hadi 1892.

Gibbs alionyesha kwamba uso unaotenganisha kioevu na mvuke, au kioevu na yabisi, una gharama yake ya nishati. Chembe changa ya fuwele hupata faida kwa ujazo wake na hasara kwa uso wake. Ikiwa ndogo mno, huyeyuka tena. Alidokeza pia kuwa ugumu wa fuwele kukua umo katika kuanzisha tabaka jipya.

Alifariki tarehe 28 Aprili 1903. Mnamo 1964, Wagner na Ellis wa Maabara za Bell walieleza jinsi tone la dhahabu iliyoyeyuka linavyofyonza silikoni kutoka kwenye gesi hadi likashiba kupita kiasi, kisha kuitua chini yake tabaka kwa tabaka, hata uzi wa fuwele ukainuka ukilibeba tone kileleni. Unene wa uzi hufuata upana wa tone. Tone likiwa dogo mno, mpindo wa uso wake huipandisha gharama ile na uzi hukwama. Watafiti wanaokokotoa ukuaji wa nyuzi hizo za nusukipitishi kwa kompyuta huanza na swali la Gibbs: tabaka linalofuata litaanzia wapi, na kwa gharama gani? Mara nyingi jibu huwa ukingoni, pale mvuke, kioevu na yabisi vinapokutana.